Shajara ya kahawa ya nyumbani, Kikwajuni: kutoka buni mbichi hadi kijikombe

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimeianza kazi ambayo nimeiahirisha kwa zaidi ya mwaka: kukaanga, kutwanga na kupika kahawa yangu mwenyewe hapa nyumbani. Nimejiwekea lengo kwamba ikifika Ramadhani, watu wa nyumbani pamoja na majirani wanaokaa barazani kwetu baada ya tarawehe wanywe kahawa iliyotoka uani kwetu, na iwe kahawa chungu kama tulivyoizoea, lakini isiwe na ladha ya kuungua. Mambo hayo mawili wengi wetu tumeyachanganya. Kahawa chungu ni kahawa nzito isiyotiwa sukari, ambayo uchungu wake humezeka na kuacha harufu nzuri kinywani, na ndiyo maana hunywewa kwa kashata, halua au tende. Kahawa iliyoungua ina uchungu wa majivu unaokwaruza koo, na hakuna kashata inayoweza kuuficha.

Visiwa vyetu vinajulikana kwa karafuu na viungo, lakini buni zetu hutoka bara. Nimenunua sokoni Darajani, hapa mjini Unguja, kilo mbili za Arabika ya Kilimanjaro na kilo moja ya Robusta ya Kagera. Vifaa nilivyonavyo ni jiko la makaa, kaango la bati, mwiko wa mti, uteo, kinu na mchi, chekecheke, mizani ndogo ya jikoni, na dele la shaba, yaani birika la kahawa, ambalo mama alirithi kwa bibi yake na ambalo kwa miaka mingi limekaa kabatini kama pambo.

Jumapili, 5 Januari

Mkaango wa kwanza umeharibika. Nilipima gramu 200 za Arabika, nikawasha makaa mengi, nikaweka kaango la bati na kuzimimina buni baada ya kaango kupata moto sana. Katika dakika sita tu zilikuwa nyeusi kwenye ncha na zimeanza kutoa moshi mkali. Nilipoipasua moja kwa kisu nikaona kwamba ndani ilikuwa bado na rangi ya mchanga. Kaango lile ni jembamba mno: linapeleka moto wote kwenye ngozi ya buni kabla joto halijapata nafasi ya kuingia ndani. Hata hivyo niliitwanga na kuipika ili niijue ladha ya kosa lenyewe, na kijiko kimoja kilitosha, kwani kilikuwa na makaa na nyasi mbichi kwa pamoja.

Jumapili, 12 Januari

Siku ya Mapinduzi, nyumba ina wageni, kwa hiyo nimekaanga mapema asubuhi. Safari hii nilikwenda upande wa pili: makaa machache, subira nyingi, dakika 31. Rangi ilitoka nzuri na ya sawasawa kiasi kwamba niliamini nimefaulu, lakini kahawa yenyewe ilikuwa imepooza, haina harufu wala nguvu, kama maji yaliyopitishwa kwenye mkate mkavu. Wageni waliinywa kwa heshima na hakuna aliyeomba kikombe cha pili. Nimeandika pembeni ya daftari kwamba rangi peke yake si kipimo cha kutosha.

Jumamosi, 18 Januari

Jana jioni nilikwenda mjini, nikapita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, na baada ya kunywa vikombe viwili nilimngojea mzee mmoja muuza kahawa mpaka wateja wakapungua. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamweleza yaliyonisibu. Hakucheka. Aliniuliza kaango langu ni la nini na buni nazitoa motoni wakati gani.

“Nazitoa zikishapata rangi, mzee.”

“Rangi itakudanganya, mwanangu, hasa ukikaanga jioni. Zisikilize. Zitaalika mara ya kwanza kwa nguvu, kisha zitanyamaza, kisha zitaalika tena kidogo kidogo. Zikianza ile ya pili, zitoe. Na uteo uwe karibu na mkono wako, usiwe wa kwenda kutafuta.”

Nimerudi na maneno hayo, nikaazima kwa shangazi kaango zito la chuma, na leo asubuhi nimekaanga gramu 200 uani, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa ili nisikie vizuri. Nayaandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kaango zito hushika joto, kwa hiyo buni zilipoingia moto haukuanguka sana. Nilikoroga bila kusimama, mwiko ukipita chini kabisa na kugeuza za chini ziwe juu. Kufikia dakika ya nne rangi ya kijani ilikuwa imekwisha na buni zimekuwa manjano, zikinuka kama majani makavu yaliyopigwa na jua. Huo ni wakati ambapo maji yaliyomo ndani, ambayo katika buni iliyokauka vizuri huwa kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito, yanatoka kwa mvuke. Dakika ya saba zilikuwa na rangi ya mdalasini, na kapi nyembamba zikaanza kubanduka na kuruka nje ya kaango. Dakika ya tisa na nusu nikasikia mlio wa kwanza, mmoja, kavu, kama bisi inayopasuka. Kisha wa pili, kisha nyingi kwa pamoja. Kwa vipimo vya wataalamu, hapo buni huwa zimefika karibu nyuzi joto 200 za Selsiasi: mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua buni, nayo huvimba na kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Niliondoa makaa mawili, nikaendelea kukoroga. Kelele zilikoma kwa muda wa zaidi ya dakika moja, na katika ukimya huo harufu ikabadilika kutoka ya mkate kuwa ya kahawa kamili. Kisha dakika ya kumi na tatu ikaja milio ya pili, midogo na ya haraka, kama majani makavu yanayokanyagwa. Nilipohesabu mitano nikamwaga zote kwenye uteo.

Kuzitoa motoni hakutoshi, kwa maana buni ina joto lake yenyewe na huendelea kujikaanga hata ikiwa nje ya kaango. Mama alipepea kwa kipepeo huku mimi nikirusha uteo, na kapi zikaruka zikatapakaa ua mzima. Katika dakika tatu niliweza kuzishika kwa mkono. Zilikuwa na rangi ya mbao ya mvule iliyozeeka, na baadhi yake zilikuwa na nukta ndogo ya mafuta, si zaidi. Mizani ilisoma gramu 164, maana yake asilimia 18 ya uzito imekwenda na moshi na mvuke.

Jumanne, 21 Januari

Nimezipa buni siku tatu ndani ya chupa ambayo kifuniko chake sikukikaza sana. Buni iliyotoka motoni imejaa gesi ya kaboni dayoksaidi, na ikipikwa siku hiyo hiyo hutoa povu jingi linalozuia maji kuingia vizuri katika unga. Nilijaribu kijiko kimoja Jumamosi na kingine leo, na tofauti ni kubwa: ile ya Jumamosi ilikuwa kali na imejifunga, ya leo imefunguka na ina utamu kwa mbali ambao sikuutia. Mama amekunywa, akakaa kimya, kisha akasema, “Hii imewiva. Lakini mbona ina chaki?”

Ana haki. Kuna kitu kizito kinachobaki juu ya ulimi, na si mashapo.

Jumamosi, 1 Februari

Wiki nzima nimekuwa nikiwaza neno la mama, na jawabu nimelipata ndani ya birika ambalo tunachemshia maji kila siku: ukuta wake wa ndani una gamba jeupe, gumu, ambalo hukwanguliwa kwa kisu. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, na maji yanayopita katika mawe hayo kabla ya kufika kisimani hubeba chokaa iliyoyeyuka. Kwa kunywa hayana neno. Kwa kahawa, chokaa hiyo huua uchachu mwepesi unaoipa kahawa uhai wake, na kinachobaki ni uchungu mtupu wenye chaki. Nilikuwa nimeitupia lawama kahawa, kumbe maji nayo yalikuwa na sehemu yake.

Dawa yake ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Sehemu kubwa ya chokaa ya aina hii huganda maji yanapochemka na kutua chini yakipoa, na hilo gamba la birika ndilo ushahidi wake. Kwa hiyo jana usiku nilichemsha lita tatu za maji, nikayaacha yachemke kwa dakika kumi, nikayafunika mpaka asubuhi, kisha nikayamimina polepole kwenye sufuria nyingine na kuacha tope jeupe chini. Ieleweke kwamba kuchemsha hakuondoi chumvi, na mwenye kisima chenye maji ya chumvichumvi atahitaji maji mengine.

Nilipika kahawa ile ile mara tatu: kwa maji ya bomba kama yalivyo, kwa maji niliyoyachemsha na kuyatuliza, na kwa maji ya chupa ya dukani. Dada yangu alivipanga vikombe chumbani ili mama na mimi tusijue kipi ni kipi. Wote wawili tuliweka cha maji ya bomba mwisho. Mama alipendelea ya maji yaliyotulizwa, mimi niliyumba kati ya hayo na ya chupa, na kwa kuwa ya kutuliza hayana gharama ila makaa kidogo, hayo ndiyo tutakayoyatumia. Sioni jambo lingine katika kazi hii lililoleta mabadiliko makubwa kwa juhudi ndogo namna hii.

Jumamosi, 8 Februari

Kutwanga. Kinu kinataka kiwe cha kahawa peke yake. Kile cha jikoni kimeshika thomu kwenye nyuzi za mti wake, na thomu haitoki hata ukikiosha kwa ndimu. Nimenunua kingine kidogo.

Nimejaribu pia mashine ya kusagia yenye visu, ambayo dada hutumia kwa nazi na viungo, na sikuridhika, kwani baadhi ya buni hugeuka vumbi huku nyingine zikibaki vipande, na vumbi hutoa uchungu wake wote kabla vipande havijaanza kutoa chochote. Kinu kina taabu lakini kinatii. Natwanga gramu 30 kwa mara moja, nachekecha, zilizobaki juu ya chekecheke zinarudi kinuni, na naacha kutwanga zikifikia ukubwa wa mchanga wa pwani. Mpigo uwe mfupi na wa kuponda. Kugandamiza na kusugua ndiko kunakozalisha vumbi. Gramu 60 zinachukua kama dakika kumi na mbili.

Upishi umekaa hivi: gramu 60 kwa lita moja ya maji. Maji yakichemka naepua, nangoja mchemko utulie, natia kahawa, nakoroga mara moja, narudisha motoni mpaka povu lipande na kutaka kufura, naepua tena kabla halijamwagika. Kisha nafunika kwa dakika tano. Mashapo yakishatua namimina kwenye dele kwa mkono mwepesi na kukiacha chini kidole kimoja cha kahawa bila kukigusa. Nilikuwa na mazoea ya kuiacha ichemke na kuchemka kwa imani kwamba ndiyo inakolea. Inakolea kweli, lakini kinachoongezeka ni ukali tu.

Jumamosi, 15 Februari

Arabika peke yake ni nyepesi mno kwa barazani. Ina harufu, lakini haikai kinywani baada ya kashata. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, na uchungu na uzito wake ni mkubwa zaidi. Ikiwa peke yake, hata hivyo, ina ukavu wa gunia. Nimezikaanga kila moja peke yake kwa sababu hazialiki kwa wakati mmoja, kisha nikazichanganya zikiwa zimepoa. Sehemu tatu za Arabika kwa moja ya Robusta ndiyo iliyotulia. Nusu kwa nusu ilikuwa nzito vizuri, lakini harufu ya Arabika ilipotea kabisa, na hapo sioni sababu ya kuinunua.

Nilipokuwa nikichambua Robusta ya Kagera nilimsimulia mwanangu kwamba Wahaya waliijua kahawa hiyo kwa kuitafuna muda mrefu kabla ya ukoloni: tunda lenyewe huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni akifika hupewa atafune. Watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waligawana mbegu mbili za tunda moja. Alipasua tunda kavu moja tuliloliokota ndani ya buni, akaona nusu mbili zilivyolaliana tumbo kwa tumbo, na tangu hapo amekataa kuitupa hata buni moja iliyodondoka.

Jumamosi, 22 Februari

Tangawizi na iliki. Tangawizi mbichi inatoa harufu ya juu, inayofanana na ndimu. Iliyokaushwa ni kali zaidi kwa sababu katika kukauka, gingeroli, kitu kinachoipa tangawizi mbichi ukali wake, hugeuka kuwa shogaoli, ambayo huwasha kuliko gingeroli yenyewe. Kwa lita moja ninatumia gramu 5 za tangawizi kavu iliyopondwa, na naitia ndani ya maji kabla ya kahawa, ichemke dakika kumi, kwani tangawizi inahimili mchemko na kahawa haihimili. Iliki ni kinyume: harufu yake hupotea haraka ikipata moto, kwa hiyo punje nne zilizopondwa naziweka ndani ya dele tupu, na kahawa inamiminwa juu yake. Zikizidi nne, unakunywa iliki.

Jumanne, 25 Februari

Buni za Arabika zimekwisha na nimenunua nyingine kwa muuzaji tofauti, kwa haraka ya Ramadhani. Nilipozimwaga kwenye uteo nyumbani nikakuta buni mpya zimechanganywa na za zamani zilizofifia rangi, pamoja na nyingine zenye matundu ya wadudu. Zilinikera sana, kwani buni za umri mbalimbali haziwivi pamoja, na hakuna ustadi wa moto unaoweza kuzisawazisha. Mama na mimi tumekaa saa mbili tukizichambua moja moja, na karibu theluthi nzima imetupwa. Nimerudi kwa muuzaji wa kwanza, nikanunua kilo moja ya Arabika, nikaipima mwenyewe: gramu 1,000 kamili. Kuanzia sasa sitanunua buni kabla ya kuziona zimemwagwa juu ya kitu bapa kwenye mwanga.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki ya kwanza ya Ramadhani. Usiku wa leo nimepika lita mbili, gramu 120 za mchanganyiko wa tatu kwa moja uliokaangwa Jumanne, kwa maji yaliyotulizwa tangu jana. Dele lilisuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka likang'aa, na chini yake niliweka makaa mawili tu, yenye majivu juu, ili kahawa ibaki na joto bila kuchemka tena. Kahawa inayokaa juu ya moto mkali hugeuka na kuwa chachu kabla ya saa moja kupita. Kwa namna hii ilidumu kwa zaidi ya saa nzima bila kuharibika.

Watu walirudi kutoka msikitini wakakaa barazani. Tende zilikuwepo, na kashata za nazi za dada. Lita mbili zilitoa vijikombe 27. Sikusema chochote kuhusu kahawa ilikotoka, nikawa namimina tu. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye ameinywa kahawa ya mji huu kwa miaka zaidi ya sitini, alikunywa cha kwanza, akakirudisha kikombe bila neno, akanyoosha mkono kwa cha pili, na cha tatu. Alipoondoka alimwuliza mama, “Hii mmeinunua kwa nani?” Mama akajibu, “Ya hapa uani, bwana.” Akarudi akakaa, akataka aelezwe.

Kasoro moja imebaki: vikombe sita vya mwisho vilikuwa na mashapo. Dele linapoinamishwa sana huyakoroga. Kesho nitachuja kwa kitambaa cha pamba kilichooshwa kwa maji ya moto bila sabuni.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikukuu imepita na masika imeshika. Mkaango wa leo umenishangaza. Moto ule ule, kaango lile lile, gramu 200 zile zile, lakini buni zilichukua muda mrefu kuwa manjano na zikaalika dakika ya kumi na mbili badala ya tisa na nusu. Zilipopoa mizani ikasoma gramu 159, yaani asilimia 20 na nusu imepotea, wakati siku zote imekuwa 18.

Nilidhani mizani imeharibika. Kisha nikaukumbuka mfuko wa kitambaa wenye ile kilo niliyoipima Februari, ambao haujaguswa na ulikuwa umening'inizwa karibu na dirisha linaloelekea baharini. Nikaupima baada ya kuondoa uzito wa kitambaa: gramu 1,028. Hakuna aliyeongeza buni humo. Ni unyevu wa hewa ya masika ulioingia, gramu 28 za maji, na maji hayo lazima yachemke yote kabla ya buni kuanza kukaangika. Buni zikiendelea kunywa unyevu namna hii zitaota ukungu, na ukungu ukishaingia hakuna moto wa kuuondolea ladha yake.

Nimezihamishia kwenye ndoo yenye kifuniko cha kukaza. Kabla ya hapo, jua lilipotoka saa nne asubuhi, nilizianika juu ya mkeka uani kwa saa tatu, nikizigeuza kwa mkono, mwanangu akilinda kuku. Mawingu yalipokusanyika upande wa bandari tuliziingiza. Mizani ilisoma gramu 1,011. Jua likipatikana kesho zitatoka tena, na Jumamosi ijayo nitakaanga gramu 200. Nikipata 164 au karibu yake, nitajua zimerudi hali yake.